MAKAMPUNI MATATU NA KIBANDA CHA MWANJELWA

Mtu apitaye jioni katika vichochoro vya Mwanjelwa, hapa mjini Mbeya, hakosi kusikia kelele za vijana zitokazo katika vyumba vidogo vya mabati. Hawapigani, wala hawanywi pombe. Wanacheza mpira wa miguu kwa vidole gumba. Ndani mna televisheni mbili au tatu, mabenchi ya mbao, na mitambo myeusi ya PlayStation iliyochubuka pembe zote. Aliyefungwa hulipa na kuondoka. Aliyefunga hubaki kumngoja mwingine. Wenyewe huviita vibanda vya gemu. Watu wazima wengi, nasi twakiri kwamba tulikuwa miongoni mwao, tumezoea kuviita vijiwe vya wavivu.

Juma lililopita mvua ilitukuta njiani tukaingia katika kimojawapo. Mwenye kibanda, kijana wa miaka thelathini na kitu, alitupisha kwenye benchi akasema, "Shikamoo kaka, karibu, upande huu hapavuji." Tulipokwisha kuketi tuliona ukutani, penye msumari, kijiti cheupe cha plastiki chenye kamba ya kuvaa mkononi. Tukamwuliza ni kitu gani. Akacheka, akajibu: "Hicho, kaka, ndicho kilichotaka kunifilisi."

Kijiti kile ni pedi ya mtambo uitwao Wii, uliotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani. Mitambo ya namna hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Sasa imekuwaje kitu kilichowashinda Wazungu, Wamarekani na Wajapani kwa utamu, kikashindwa Mwanjelwa na kutundikwa msumarini? Twamwomba msomaji atuvumilie katika jambo hili ambalo kwa sura yake ni la watoto. Ndani yake mna hesabu ya biashara, na hesabu hiyo yamhusu kila mwenye kufanya kazi kwa mikono yake.

Turudi nyuma hadi mwaka 2006. Wakati huo biashara ya michezo ya video ilikuwa imeshikwa na mashindano ya nguvu. Sony, nayo ya Japani, ilitoa PlayStation 3 mwezi Novemba mwaka huo, nayo Microsoft ya Marekani ilikuwa imekwisha kutoa Xbox 360 mwaka uliotangulia. Kila mmoja alijigamba kwa picha safi zaidi na ubongo wa umeme wenye kasi zaidi. PlayStation 3 iliuzwa Marekani kwa dola 500 na dola 600, na hata kwa bei hiyo kampuni ilikuwa ikipata hasara katika kila mtambo. Msomaji atashangaa: mfanyabiashara gani huuza kwa hasara kwa kupenda? Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa mbinu yao. Kila sidii ya mchezo inayouzwa kwa ajili ya mtambo huo hutoa fungu kwa mwenye mtambo. Ni sawasawa na mwenye duka auzaye taa ya chemli kwa bei ya kutupa, akijua kwamba mafuta ya taa hutayapata popote ila kwake.

Nintendo haikuchagua kushindana kwa njia hiyo. Kampuni ile ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na kwa miaka mingi ilikuwa na fundi mmoja mashuhuri, Gunpei Yokoi, aliyefundisha kwamba si lazima kukimbilia kifaa kipya kabisa. Chukua kifaa kilichokwisha komaa na kuwa rahisi, kisha ukitafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Yokoi alifariki mwaka 1997, lakini fundisho lake lilibaki. Wakuu wa Nintendo chini ya Satoru Iwata hawakujiuliza jinsi ya kumpokonya Sony wachezaji wake. Walijiuliza ni nani asiyecheza kabisa, na ni kitu gani kinachomzuia. Wakaona kwamba mama wa nyumbani na babu wa miaka sabini huitazama pedi yenye vifungo kumi na kitu kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama gazeti.

Basi wakaondoa vifungo vingi, wakampa mchezaji kijiti. Ndani yake waliweka akselerometa, yaani kidude kidogo kinachohisi mwendo, cha ukoo mmoja na vile vinavyofumua mifuko ya hewa katika magari yagonganapo. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, unapunga mkono kama apigaye tenisi. Ukitaka kuviringisha tufe, unafanya kama aviringishaye tufe. Hakuna la kujifunza. Bei ilikuwa dola 250, na kila mtambo, tangu siku ya kwanza, uliiletea kampuni faida. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani watu wa miaka themanini walianza kushindana kuviringisha matufe mbele ya televisheni.

Hapa kwetu mwaka huo huo wa 2006 haukuwa wa michezo. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Ukame ulikuwa umekausha maji ya Mtera, maji ambayo sehemu yake kubwa hushuka kutoka Usangu, mkoani mwetu, na nchi nzima ilikuwa katika mgao mkali wa umeme. Na hapa pana jambo la ajabu. Wii ilitumia umeme usiofika wati 20, hali PlayStation 3 za kwanza zilikaribia wati 200. Kwa hesabu ya umeme peke yake, mtambo uliofaa Mbeya kuliko yote ulikuwa huo wa Kyoto. Haukuja. Dola 250 zilikuwa zaidi ya shilingi laki tatu kwa kima cha wakati ule, nayo ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa ya mfanyakazi wa kima cha chini. Waliokuwa na fedha ya kufungua kibanda walinunua PlayStation 2 iliyotumika, mtambo wa mwaka 2000.

Sony na Microsoft zilipoona Nintendo inavuna shamba ambalo wao waliliona pori, kila moja ilitafuta jembe lake. Kwa Sony aibu ilikuwa kubwa zaidi, maana yenyewe ilikuwa imekwisha kuuza, tangu mwaka 2003, kamera ya PlayStation 2 iitwayo EyeToy, iliyomwezesha mtu kucheza kwa kupunga mikono. Walikuwa na mbegu mkononi wakaiacha ghalani. Mwezi Septemba 2010 wakatoa PlayStation Move, kijiti chenye tufe linalong'aa kichwani, ambalo kamera hulifuata. Kwa usahihi wa kufuata mkono kilikishinda kile cha Nintendo. Lakini kilikuwa kiraka kipya katika vazi kuukuu: aliyekwisha kununua mtambo alipaswa kununua kijiti, kisha kamera, kisha michezo yake, nayo michezo ilikuwa michache kwa sababu watengenezaji hawakujua ni wangapi watakaonunua kijiti. Mnunuzi naye akangoja michezo iongezeke kwanza. Kila mmoja akamngoja mwenziwe.

Microsoft ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Novemba 2010 ilitoa Kinect, chombo cha kuwekwa chini ya televisheni ambacho, kwa ufundi uliotoka kampuni ya PrimeSense ya Israeli, kilitawanya chumbani nukta za mwanga usioonekana kwa macho na kusoma umbo la mtu, kiungo kwa kiungo. Hakuna kijiti wala kifungo. Mwili wa mchezaji ndio uliokuwa pedi. Kiliuzwa milioni 8 kwa siku 60. Wakati ule ungalisema kwamba vita vimekwisha na mshindi amejulikana.

Kijana wetu wa Mwanjelwa hakuwahi kuwa na Kinect, lakini tulimweleza jinsi inavyofanya kazi, na kwamba wenyewe waliagiza mchezaji mmoja asimame karibu mita 2 kutoka kwenye chombo, na wawili karibu mita 2 na nusu. Akasimama, akapima kwa hatua kutoka televisheni hadi mlangoni. Hatua yake ya tatu ilitua nje, mvuani. Wateja walicheka sana. Tukamwongezea kwamba jua likiingia chumbani chombo hicho hupotewa na macho, na kwamba kilisikia amri za mdomo kwa Kiingereza, Kijapani na lugha nyingine chache, wala Kiswahili hakikuwamo. Akasema: "Basi hicho, kaka, hakikutengenezwa kwa ajili yangu." Neno lake lilikuwa fupi, nasi hatukuona la kuongeza.

Lakini Wii aliijaribu. Mwaka 2013 mjomba wake alimletea moja kutoka Dar es Salaam, iliyotumika, naye akatangaza mtaani kwamba amepata gemu la kucheza kwa kusimama. Siku ya kwanza watoto walijaa hadi barabarani. Siku ya pili kijana mmoja, akipunga ngumi katika mchezo wa masumbwi, alimpiga jirani yake mdomoni, damu ikatoka. Ikabidi benchi liondolewe ili pawe na nafasi, na benchi lilipoondoka watazamaji nao waliondoka, na mtazamaji ndiye mteja wa mechi inayofuata. Betri mbili ndogo za kila kijiti ziliisha upesi, na kila zilipoisha ilikuwa ni kukimbilia dukani. Kisha kile kijiti cha taa kinachowekwa juu ya televisheni kikavunjika. Fundi mmoja akamwambia ukweli ambao wengi hawaujui: kile si chombo cha maarifa makubwa, ni taa mbili tu za miale ya infraredi, na mishumaa miwili ikiwekwa kushoto na kulia itafanya kazi ile ile. Akajaribu. Ikafanya. Basi kwa siku kadhaa katika mji ambao soko lake liliungua lote, ndani ya chumba cha mabati na mbao, vijana wakacheza tenisi mbele ya mishumaa miwili. Jirani muuza nguo ndiye aliyekuja kuizima kwa mkono wake mwenyewe, na kwa haki.

Zaidi ya hayo yote ilikuwako hesabu, naye alitufanyia hesabu hiyo vidoleni. Wakati ule mechi moja ya mpira ilikuwa shilingi 200, nayo ilimalizika kwa dakika kumi. Mechi sita kwa saa, shilingi 1,200 kwa televisheni moja, na mchezaji ameketi, hachoki, aweza kufungwa mara nne mfululizo na bado akadai marudiano. Apigaye masumbwi ya kusimama huchoka kwa mechi mbili, huketi chini akitweta, na fedha yake hubaki mfukoni. Kitu kile kile kilichowavutia wazee wa Marekani, yaani kuunyosha mwili baada ya kukaa kutwa, hakikumvutia kijana aliyesukuma mkokoteni wa viazi tangu alfajiri. Huyo mwili wake umekwisha kunyooshwa. Anachotaka ni benchi.

Makampuni yale hayakumkosea kijana huyu, hayakumjua. Wala tusijidanganye: asingeingia katika vitabu vyao hata kama wangemjua. Vibanda vyetu vilisimama juu ya sidii za kunakili, zilizouzwa sokoni kwa bei ya chakula cha mchana, katika mitambo iliyotiwa chipu ili izikubali. Kwa kampuni inayouza taa kwa hasara ili ipate faida katika mafuta, mteja ajitengenezaye mafuta yake ni hasara tupu. Sisi hatusifu kunakili kazi ya mtu mwingine. Twasema tu kwamba PlayStation 2, iliyouzwa duniani zaidi ya milioni 150 na kutengenezwa hadi mwanzo wa mwaka 2013, iliishi katika nyanda hizi, Mbeya hadi Iringa, kwa maisha ambayo waliyeitengeneza hawakuyapanga.

Na kwa upande mwingine Afrika ilikuwa ndani ya mitambo hiyo tangu mwanzo. Vidude vidogo vya kutunza umeme katika vyombo vya namna hii hutumia tantalumu, nayo hupatikana katika koltani ya Kivu. Mwishoni mwa mwaka 2000, simu za mkononi na mitambo ya michezo ilipokuwa ikitakiwa kwa wingi, bei ya tantalumu ilipaa, na makundi yenye silaha katika mashariki ya Kongo yakajitajirisha kwa jasho la wachimbaji. Katika mwaka ule ule wa 2010 ulioleta Move na Kinect, Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama tantalumu, bati, tangsteni na dhahabu yao hutoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na Tanzania imo katika hizo jirani. Kwa hiyo tulitambuliwa kama machimbo kabla ya kutambuliwa kama wateja.

Sasa tazama mwisho wa vita vyenyewe. Mwaka 2013 Microsoft ilitoa Xbox One, ikamlazimisha kila mnunuzi kuchukua na Kinect, apende asipende, kwa dola 500. Sony ilitoa PlayStation 4 kwa dola 400, kamera ikaiacha iwe ya atakayeitaka. Watu wakanung'unika pia juu ya jicho na sikio linaloshinda sebuleni mwao, na ulikuwa mwaka ambao dunia iligutuka kusikia habari za upelelezi wa simu na barua. Mwezi Juni 2014 Microsoft ilisalimu amri ikauza mtambo bila Kinect, kwa dola 400. Mwezi Oktoba 2017 ikatangazwa kwamba Kinect haitengenezwi tena. Chombo kilichouzwa kama ugali moto kilipokuwa hiari, kilichukiwa kilipofanywa faradhi.

Nintendo nayo haikusalimika. Wale mama na wazee walioinunua Wii walitosheka na mchezo mmoja waliopewa pamoja na mtambo; hawakurudi dukani. Kisha simu za mkononi zenye kioo cha kugusa zikaja na michezo ya bure, na umati ule ukahamia huko. Mtambo uliofuata, Wii U wa mwaka 2012, haukufika milioni 14. Mwaka 2017 walipotoa Switch, mtambo wa kubebwa mkononi, hawakuwatupa wale wahisio mwendo, bali waliwaficha ndani ya pedi ndogo wamngoje atakayewahitaji, na Switch ikapita milioni 150. Iwata hakuiona, alifariki mwezi Julai 2015.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu ya neno tulisikialo mara kwa mara vikaoni, hata katika vikao vyetu wenyewe. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Likitajwa kundi la vijana wa bodaboda, wa kuku au wa matofali, watu huitikia. Likitajwa la gemu, watu hutabasamu. Wengine huchanganya vibanda hivi na mashine za kubahatisha, ambazo zina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi yake, hali hapa hakuna dau wala bahati. Kuna mechi na bei ya mechi.

Kijana tuliyeketi naye aliichunguza bidhaa ya kampuni kubwa, akaijaribu kwa fedha yake, akapima chumba, umeme, betri, benchi, uchovu wa mteja na muda wa mechi, akaiacha. Alifanya kwa mwezi mmoja kazi ambayo wakuu wa Microsoft waliifanya kwa miaka saba. Alilipa shilingi 20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali kilipotoka, na sasa ana mitambo mitatu na msaidizi mmoja. Mwombaji kama huyu aulizwe maswali magumu, naam: nyaya zake zikoje, ana mlango wa pili, ana ndoo ya mchanga, na je, mtoto mwenye sare ya shule huingia kabla ya saa kumi? Tulimwuliza hilo la mwisho. Alituonyesha maandishi ya chaki mlangoni, "Wanafunzi baada ya saa kumi", nasi tukaona pia watoto wawili waliokunja mashati ya shule na kuyaficha chini ya benchi. Akawatoa mbele yetu. Kama huwatoa tusipokuwapo, majirani ndio wajuao.

Mvua ilipokatika tulimwuliza kwa nini hakukitupa kile kijiti cheupe. Akasema mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya alikuja kumwomba amwuzie. Ndani ya kijiti mna kamera ndogo ionayo miale, na tangu mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Marekani, Johnny Lee, alikwisha kuonyesha jinsi ya kukiunganisha na kompyuta kikageuza ukuta mtupu kuwa ubao wa kufundishia wa umeme. Kijana yule ataka kujaribu hivyo kwa ajili ya shule ya msingi ya kwao.

"Anakupa kiasi gani?" tukauliza.

"Elfu kumi. Mimi nimesema kumi na tano." Akakitazama kidogo pale msumarini. "Akirudi kesho nitamwachia kwa kumi. Na betri nitampa."